Kidirisha na F: faili zilizokataa kufutika

Kitufe chenye nembo ya Windows kwenye kibodi yangu ya dukani kimefutika nembo. Kimebaki cheusi tupu, kinang'aa kama mbegu ya ukwaju, kwa kuwa kidole gumba changu cha kushoto kinashinda juu yake kutwa. Windows yenyewe haimo kwenye mashine ile. Kwenye Linux, mfumo niliouweka badala yake, kitufe hicho huitwa Super, lakini mimi na kijana ninayefanya naye kazi twakiita kidirisha. Namwambia "kidirisha na S", naye ashajua: skani.

Duka langu la saiba liko Kibokoni, Mombasa, kwenye kichochoro ambacho mikokoteni miwili haipishani. Nna mashine tatu za mtumba zenye RAM ya GB 4 kila moja, printa moja, skana moja ya kulaza karatasi, na feni. Zote tatu nimezitia Linux Mint, ile yenye deskitopu ya Xfce. Sikuhamia Linux kwa falsafa yoyote. Ni flashi za wateja zilizonihamisha: kila iliyochomekwa ilikuja na wageni wake, na jioni, badala ya kufunga duka nikaenda zangu kwenye kahawa, nilikuwa nimekaa nasafisha virusi. Xfce nayo ni nyepesi, na mashine ya mtumba haitaki mzigo.

Kazi ya saiba ya mtaani ukiichuja ni mambo machache yanayojirudia hadi yanachosha. Skani kitambulisho. Toa kopi mbili. Printi hii, samahani, si hiyo, ni ile nyingine. Andika barua ya kuomba kazi. Na ikifika Juni, jaza ritani za kodi za KRA, kwa sababu mwisho ni tarehe 30 na watu wa mtaa mzima huikumbuka tarehe 29. Kila moja ya kazi hizi nilikuwa naifanya kwa kipanya. Siku moja nilijihesabia: kuskani kitambulisho kimoja, tangu kufungua programu hadi kuhifadhi faili, ni kubofya mara tisa. Mteja amesimama, nyuma yake wengine wanne, na mimi natafuta mshale mdogo kwenye skrini.

Kilichonisukuma hasa ni printa. Mteja alileta kitabu cha kurasa arubaini na ushei, akataka ukurasa mmoja tu, nami nikabonyeza kuprinti bila kuandika namba ya ukurasa. Printa ikaanza kutapika karatasi. Ukishaona ukurasa wa tatu unatoka, ndipo unaanza kuitafuta ile aikoni, uifungue foleni, uchague kazi, uifute, na wakati huo uko ukurasa wa kumi na mbili. Kumbe kuna amri ya maneno mawili tu:

cancel -a

Inafuta kazi zako zote zilizomo kwenye foleni ya printa. Nikaifunga kwenye kidirisha na Z, Z ya "zuia". Printa humalizia karatasi iliyokwisha kuimeza, halafu hunyamaza. Hiyo ndiyo njia ya mkato, yaani vitufe vya kuita amri, ya kwanza niliyoitengeneza, na kama ningeruhusiwa kubaki na moja tu, ningebaki na hiyo.

Namna ya kuifunga, kwa mwenye Xfce: fungua "Settings", halafu "Keyboard", halafu kichupo cha "Application Shortcuts". Bonyeza "Add", andika amri, bonyeza "OK", kisha itakuomba ubonyeze vitufe unavyovitaka. Ukibonyeza vilivyokwisha kuchukuliwa na amri nyingine, inakwambia. Ila kuna mtego hapo. Njia za mkato za madirisha, kama kufunga dirisha au kulitanua, haziko kwenye orodha hiyo. Ziko mahali pengine kabisa, "Window Manager", kichupo cha "Keyboard". Nilishinda asubuhi nzima najiuliza nani ameniibia vitufe vyangu, na mwizi alikuwa chumba cha pili.

Ushauri wangu ni kuviacha Ctrl na Alt. Ctrl ni mali ya programu zenyewe: Ctrl na P ni kuprinti, Ctrl na S ni kuhifadhi, na ukiinyakua S hiyo kwa ajili ya mambo yako, siku utakapokuwa unaandika barua ya mtu utajuta. Kidirisha hakina mwenyewe sana. Kwangu kilikuwa na kazi moja, kufungua menyu, na hiyo ilinisumbua mwanzoni kwa sababu kila nikibonyeza kidirisha na Z menyu nayo inaruka usoni. Nikaenda kwenye orodha ileile, nikaitafuta amri ya xfce4-popup-whiskermenu, nikaiondoa kwenye Super peke yake nikaipa kidirisha na nafasi. Yakaisha.

Herufi nazichagua kwa Kiswahili. S ni skani, K ni kopi, Z ni zuia, A ni anwani, F ni futa. Kijana wangu alizishika kwa siku moja. Ningezipa majina ya Kiingereza tungekuwa tunaulizana hadi leo.

Sasa skani. Hii ilihitaji skripti, yaani amri zilizoandikwa kwenye faili ili ziitwe kwa jina moja. Amri ya kuskani ni scanimage, imo kwenye furushi liitwalo sane-utils. Faili nililiita skani, nikaliweka /home/saiba/bin:

#!/bin/sh
f=/home/saiba/Wateja/$(date +%Y%m%d-%H%M%S).jpg
scanimage --format=jpeg --resolution 300 > "$f" && xdg-open "$f"

Mstari wa pili unalipa faili jina la tarehe na saa, ili nisiulizwe jina. Wa tatu unaskani, na ikifaulu unaifungua picha niione. Ukishaliandika, lipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x, kisha kwenye sanduku la njia ya mkato weka njia nzima, /home/saiba/bin/skani. Usiandike skani peke yake ukategemea mashine ijue iko wapi. Terminali, lile dirisha la kuandikia amri, huenda ikajua, kwa sababu ulishaiambia kwenye faili lake la mipangilio, .bashrc, lakini deskitopu haisomi .bashrc. Hilo pia nilijifunza kwa kubonyeza kitufe na kutazama ukuta.

Kopi nilidhani itakuwa rahisi zaidi. Mstari mmoja: skani, mimina kwa printa.

scanimage --format=jpeg --resolution 300 | lp -o fit-to-page

Kwenye terminali ilifanya kazi mara ya kwanza. Karatasi ikatoka, nikaishika mkononi ingali na joto. Nikainakili amri ileile kwenye sanduku, nikaifunga kidirisha na K, nikabonyeza. Kimya. Hata taa ya skana haikuwaka. Nikampigia simu mwana wa ndugu yangu, anasoma chuo kule Tudor, akaniambia, "Ami, weka sh -c mbele yake na uizungushie alama za kunukuu." Hivi:

sh -c 'scanimage --format=jpeg --resolution 300 | lp -o fit-to-page'

Ikafanya. Nikamshukuru nikakata simu. Sikumuuliza kwa nini, na kutouliza huko kulinigharimu, nitaeleza punde.

Kwanza nieleze anwani, kwa sababu hii bado inamchekesha kijana. Barua zote za kazi tunazoziandika hapa zina sehemu moja isiyobadilika, 80100 Mombasa, namba ya posta ya mji. Nikasema hii nayo iwe kitufe. Kuna programu inaitwa xdotool, inaweza kujifanya ni vidole vyako ikaandika maneno mahali popote kishale kilipo. Nikaifunga kidirisha na A:

xdotool type '80100 Mombasa'

Alikuwepo dada mmoja anaomba kazi hotelini Bamburi. Nikafika kwenye anwani, nikabonyeza kwa madaha, nikakishikilia kidirisha kidogo kuliko kawaida ili aone. Skana ikawaka taa na kuanza kutembea peke yake. Halafu ikaanza tena. Kwenye barua kikatokea kitu kama 80100 Mob, halafu tarakimu zingine, halafu zingine. Dada akasogeza kiti nyuma.

Chunguza ilivyokuwa. Xdotool inabonyeza vitufe kweli, na wakati inabonyeza, kidole changu kilikuwa bado kimekalia kidirisha. Kwa hiyo kila herufi ndogo iliyoandika ilisomeka kama kidirisha na herufi ile. Katika neno Mombasa mna s: kidirisha na S, skani. Na mna a mbili: kidirisha na A, andika anwani upya, ambayo nayo ina a mbili na s. Mji wenyewe ulikuwa unajiita. Nilipoinua kidole yote yakasimama.

Dawa ni kuiambia xdotool ivisahau vitufe vilivyoshikwa, na kuipumzisha kidogo kabla haijaanza:

sh -c 'sleep 0.3; xdotool type --clearmodifiers "80100 Mombasa"'

Sasa tuje kwenye lile lililonifanya niandike.

Wateja wanaacha nyuma kila kitu. Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, hati ya kiwanja, picha ya pasipoti. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini hata ingekuwa haipo, hizi ni nyaraka za watu ninaosali nao na kununua mahamri kwao. Nilijiwekea kanuni: kila jioni kabla sijazima feni, folda ya Wateja inabaki tupu. Nikaijaribu amri hii kwenye terminali, ikafuta vizuri, nikainakili kwenye sanduku na kuifunga kidirisha na F:

rm -f /home/saiba/Wateja/*

Nikawa nabonyeza kila jioni. Kidirisha na F, zima mashine, zima feni, vuta mlango. Nilikuwa najisikia mtu safi.

Wiki kama tano zikapita. Siku moja baada ya Alasiri akaja mzee mmoja na hati ya kiwanja ndani ya bahasha ya kaki, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni. Alitaka ipelekwe kwa barua pepe kwa mwanawe aliye Maskati. Nikaskani. Akavuta kiti akakaa karibu nami.

"Miye nataka niione yaondoka," akasema.

"Yaondoka mzee wangu, hii hapa."

Nikabonyeza kuambatisha. Dirisha la faili likafunguka, mpya zikiwa juu. Mimi siku zote huchukua ya juu kabisa nikaendelea na safari. Mzee akavaa miwani.

"Na hizo zote ni zangu?"

"Zako ni hii ya juu tu, mzee."

"Teremsha."

Nikateremsha. Picha ndogondogo zikapita, vitambulisho, nyuso, vyeti. Akaweka kidole kwenye skrini, alama ya kidole ikabaki pale.

"Huyu si mtoto wa jirani yangu? Mbona kitambulisho chake ki humu?"

Nilihisi joto la sikio. Nikamwambia, "Nisamehe mzee, nazifuta sasa hivi."

"Usinitake radhi miye. Mtake radhi mwenyewe."

Alipoondoka nilifungua terminali nikahesabu. Faili 412. Kila skani niliyofanya tangu siku nilipoifunga F, hata moja haikuwa imefutika. Nikaandika ileile rm -f kwa mkono kwenye terminali: zote zikatoweka. Nikaskani karatasi nyeupe, nikabonyeza kidirisha na F: karatasi nyeupe ikabaki palepale, inanitazama.

Usiku ule ndipo nilipoliuliza lile swali ambalo sikuliuliza kwenye simu.

Unapoandika amri kwenye terminali, hauzungumzi na rm moja kwa moja. Katikati kuna dalali, programu inayoitwa sheli (si ile ya kutia mafuta). Sheli ndiyo inayosoma mstari wako kwanza. Ikiona nyota, inaenda kwenye folda, inakusanya majina yote yaliyomo, inayapanga badala ya nyota, ndipo inamkabidhi rm orodha. Rm mwenyewe hajui nyota ni nini. Vivyo hivyo ile alama ya mfereji, |, na ile ya mshale, >, na &&, ni lugha ya sheli. Scanimage haijui mfereji.

Sanduku la njia za mkato halina dalali. Linachukua maneno yako, linayakata penye nafasi, linaita programu ya kwanza na kuipa yaliyobaki kama yalivyo. Kwa hiyo rm alipewa faili moja alifute, faili ambalo jina lake ni nyota. Alilitafuta, hakuliona. Na kwa kawaida angelalamika, lakini mimi mwenyewe nilimwekea -f, ambayo maana yake ni pamoja na "usipoliona faili, nyamaza". Akanyamaza. Hata angelalamika, angelalamikia wapi? Amri iliyoitwa kwa kitufe haina terminali ya kuandikia malalamiko mahali nitakapoyaona.

Kopi ilipokataa niliijua palepale, kwa sababu karatasi haikutoka. Kufuta hakutoi karatasi. Kazi ikiwa matunda yake ni utupu, kufaulu na kufeli vinafanana kabisa usipofungua ukatazama. Na mimi niliitibu kopi kwa sh -c kama mtu anayepewa dawa bila kuambiwa ugonjwa, kwa hiyo ugonjwa uleule ulipotokea kwenye F sikuujua uso wake.

F ya sasa ni skripti:

#!/bin/sh
cd /home/saiba/Wateja || exit 1
n=$(find . -type f | wc -l)
find . -type f -delete
baki=$(find . -type f | wc -l)
notify-send "Wateja" "Zilikuwa $n, zimebaki $baki"

Mstari wa pili usiudharau. Unasema: ingia folda ya Wateja, na ukishindwa kuingia, acha kila kitu utoke. Bila hiyo exit, siku folda itakapokuwa imebadilishwa jina, skripti itabaki palepale ilipoanzia, ambapo mara nyingi ni nyumbani kwako, kisha itafuta kila faili iliyokuwa chini yake. Mistari miwili ya mwisho ndiyo niliyoinunua kwa aibu: hesabu upya baada ya kufuta, kisha niambie kwenye kona ya skrini. Siku hizi kila njia yangu ya mkato isiyotoa karatasi wala kufungua dirisha inamalizia na notify-send. Ni neno moja la kusema nimefika.

Yule binti wa jirani ya mzee nilimwambia. Alikuja siku ya pili yake kuprinti, nikamweleza yote na kumtaka radhi. Alicheka kidogo, kisha akauliza kama picha yake ya pasipoti nayo ilikuwemo. Ilikuwemo.

Baada ya hapo mambo mengine ni madogo, ila huenda yakamfaa mtu.

Hewa ya bahari haina urafiki na kibodi. Chumvi inaingia chini ya vitufe taratibu, na mwaka huu, kusi ilipoanza, kikafa kitufe cha K. Jaribu kuandika Kiswahili bila K. Si kazi, si kesho, si kitambulisho, huwezi hata kuandika neno kibodi umlalamikie anayeiuza. Kibodi mpya ilikuwa ipatikane Jumatatu na hii ilikuwa Ijumaa. Nikafungua xev, programu inayofungua dirisha dogo na kukutajia jina na namba ya kila kitufe unachobonyeza. Upande wa kulia wa kibodi kuna kitufe cha picha ya menyu, ambacho sijaona mtu akikitumia maishani. Xev ikaniambia ni keycode 135, jina lake Menu. Basi:

xmodmap -e 'keycode 135 = k K'

Kitufe cha menyu kikawa K, ndogo na kubwa. Na kwa kuwa mashine sasa ilikiamini kuwa K, kidirisha pamoja nacho kikawa kinatoa kopi bila mimi kugusa mpangilio wowote. Tukafika Jumatatu. Amri hiyo hudumu hadi unapotoka kwenye mashine tu, kwa hiyo ukitaka ikae iingize kwenye orodha ya vitu vinavyoanza pamoja na deskitopu.

Mwana wa ndugu yangu alipokuja dukani alitaka nimpe skripti zangu aziweke kwenye laptopu yake ya Ubuntu. Ubuntu, Linux ya aina nyingine, hutumia deskitopu ya GNOME, na huko mahali ni "Settings", "Keyboard", kisha "View and Customize Shortcuts", halafu chini kabisa "Custom Shortcuts". Sanduku lake lina nafasi tatu, jina, amri na vitufe, na nalo halina dalali, sh -c inahitajika vilevile. Skani ikafanya, zuia ikafanya. Anwani ikagoma.

"Ami, xdotool yako imezeeka," akasema.

"Haijazeeka. Wewe ndiwe uliyehama nyumba."

Na ni kweli kahama. Xdotool ni ya mfumo wa zamani wa kuchora skrini, X11. Ubuntu tangu toleo la 21.04 huanza na Wayland kwenye mashine nyingi, na Wayland hairuhusu programu moja kuandika ndani ya dirisha la nyingine hivihivi. Kwa usalama ni jambo zuri. Kuna ydotool inayopitia chini zaidi, ila inataka ruhusa za ziada, na tuliishia kumwekea maandishi kwenye ubao wa kunakili ayabandike mwenyewe. Wanaotumia xbindkeys, programu nyingine ya njia za mkato, wajue nayo ni mkazi wa X11. Mint yangu ya Xfce bado iko X11, sina haraka.

Mashine ya pili na ya tatu sikuzipanga kitufe kwa kitufe. Xfce huziweka njia zote za mkato kwenye faili moja, xfce4-keyboard-shortcuts.xml, ndani ya .config/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml. Nililinakili kwa flashi. Mara ya kwanza nililibandika nikiwa nimeingia kwenye deskitopu, nikaona hakuna kilichobadilika, na nilipoingia upya la zamani lilikuwa limerudi. Xfce huushika mpangilio kichwani ikiwa wazi na kuuandika tena. Toka kwanza, nakili ukiwa nje, kwa Ctrl, Alt na F3 ambayo hukufikisha kwenye skrini nyeusi ya maandishi, halafu rudi kwa Ctrl, Alt na F7. Folda ya bin nayo usiisahau, maana vitufe bila skripti ni vitufe tu. Na watumiaji wa mashine zote wawe na jina moja, kama nilivyofanya mimi, ama njia nzima za faili hazitalingana.

Kijana anataka kitufe kipya, cha kufungua ukurasa wa ritani Juni ikifika. Nimemwambia achague herufi mwenyewe. Amechagua R, na kwenye Mombasa hamna r, tulikagua.

Yule mzee alirudi wiki iliyopita na karatasi nyingine ya kwenda Maskati. Alipomaliza hakuinuka. Akaniambia nibonyeze hicho kitufe cha kufuta mbele yake. Nikabonyeza. Kona ya skrini ikaandika: Zilikuwa 9, zimebaki 0. Akasoma, akasema sawa, sasa fungua.

Nikafungua folda. Ilikuwa tupu. Akachukua bahasha yake.